Mtoto wangu aliugua baada ya kliniki. Nimrudishe tena?

Swali: Shikamoo Daktari. Mwanangu ana wiki 9. Alipokuwa na wiki 5 nilimpeleka kupima uzito kwenye zahanati ya karibu. Tulikaa foleni tangu asubuhi mpaka karibu saa sita mchana, na pembeni yangu alikuwepo mama mwenye mtoto anayekohoa sana. Siku ya tano mwanangu akaanza mafua, kikohozi kikafuata, akawa anahema kwa shida, tukalazwa. Sasa amepona, ila chanjo za wiki 6 hajapata. Mama mkwe anasema hospitali ndiko magonjwa yaliko, tungoje akomae, angalau afikishe miezi minne. Ni kweli mtoto asiyeumwa anaweza kuokota ugonjwa kliniki? Na kama ni kweli, nitamkinga vipi? – Mama wa Temeke

Jibu: Marahaba, mama. Pole sana kwa kuuguza, na tumshukuru Mungu mtoto amepona.

Nianze na la haraka: mpeleke mtoto akachanjwe wiki hii. Hiyo miezi minne msingoje. Mama mkwe wako ana hoja, tena hoja ya mtu aliyeona jambo kwa macho yake, na sitaki apuuzwe. Lakini kukaa nyumbani hakumkingi mjukuu wake.

Ni kweli, mtoto anaweza kwenda kliniki mzima akarudi na ugonjwa. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, walichapisha uchambuzi wa takwimu za familia zaidi ya 84,000 zilizokusanywa kati ya 1996 na 2008. Waliangalia watoto wa chini ya miaka 6 waliopelekwa kwa daktari bila kuumwa, kwa uchunguzi wa kawaida tu, kisha wakatazama kilichotokea nyumbani kwao ndani ya wiki mbili zilizofuata. Katika kila familia 100, kama familia 3 za ziada zilipata ugonjwa wa aina ya mafua makali. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba benchi la daktari ndilo lililowaambukiza, ila unaelekea upande ule ule ambao wazazi wamekuwa wakiulalamikia siku zote. Na kule wengi wanakwenda kwa miadi. Kwetu, ambako kina mama hufika pamoja asubuhi na kungoja kwa saa nyingi, sioni sababu ya kudhani hatari ni ndogo zaidi.

Sasa weka hiyo kwenye mizani pamoja na upande wa pili. Chanjo ya Penta anayotakiwa kupata wiki ya 6, ya 10 na ya 14 ina kinga ya kifaduro. Kifaduro huua zaidi watoto wa chini ya miezi mitatu, na kwa kichanga mara nyingine hakiji na kile kikohozi cha kuvuta pumzi kwa mlio. Mtoto husita tu kupumua akabadilika rangi. Siku hiyo hiyo hupewa matone ya polio, chanjo ya nimonia na ya Rota inayozuia kuhara kukali. Kwa hiyo miezi anayotaka bibi yake asubiri ndiyo hasa miezi ambayo magonjwa haya humkuta mtoto akiwa dhaifu zaidi. Nayo hayapatikani hospitali peke yake. Yako kwenye daladala, sokoni, msikitini, kanisani, na zaidi ya kote yako kwa kaka na dada zake wanaotoka shule.

Tukikubaliana hapo, tuje kwenye kliniki yenyewe. Dakika za kuchomwa sindano si tatizo kubwa, kwani kila mtoto anafunguliwa sindano yake mpya na kazi inakwisha upesi. Hatari iko kwenye kusubiri. Iko kwenye lile benchi, kwenye hewa iliyokaa juu yake na kwenye mikono inayopita hapo. Ukiweza kufupisha kusubiri, kubadilisha mahali pa kusubiria na kupunguza mikono inayomgusa, sehemu kubwa ya kazi umeimaliza.

Nianze na hewa, maana ndiyo watu wanayoisahau. Mwaka 1981, katika kaunti ya DeKalb jimbo la Georgia, Marekani, mvulana wa miaka 12 mwenye surua alipelekwa kwa daktari wa watoto. Ilikuwa siku ya pili ya upele, na alikuwa akikohoa kwa nguvu. Alikaa pale saa moja tu, muda mwingi akiwa ndani ya chumba kimoja cha uchunguzi. Watoto 7 waliambukizwa. Wanne walipishana naye tu alipokuwa akiingia au kutoka, na kati yao mmoja pekee ndiye aliyemkaribia uso kwa uso. Watatu waliobaki hawakuwahi kuwa naye chumba kimoja, na mmoja wa hao aliingia ofisini saa nzima baada ya mvulana kuondoka. Waliokuwa hatarini kuliko wote ni watoto wachanga ambao hawajachanjwa. Kirusi cha surua kinaweza kubaki hewani hadi saa mbili, kama moshi wa sigara ambao mvutaji amekwishaondoka lakini chumba bado kinanuka. Tetekuwanga na kifua kikuu navyo husafiri kwa hewa.

Ndiyo maana nikiulizwa kifaa kimoja cha kinga ambacho kila zahanati tayari inacho, nasema dirisha. Utafiti uliofanywa katika hospitali 8 za jiji la Lima, Peru, na kuchapishwa mwaka 2007, ulipima ni mara ngapi hewa ya chumba inabadilika kwa saa. Madirisha na milango ikiwa wazi, hewa ilibadilika kama mara 28. Vyumba vya kisasa vyenye mashine maalumu za kuvuta hewa, vilivyojengwa kwa ajili ya wagonjwa wa kuambukiza, vilikadiriwa kwa mara 12. Na majengo ya zamani yenye dari za juu na madirisha makubwa yalishinda majengo mapya. Nikiona zahanati kongwe ya Pwani yenye baraza pana ikibomolewa ili kujengwa kijumba cha dari fupi na vioo visivyofunguka, moyo unaniuma kwelikweli.

Kwako wewe hili lina maana moja ya vitendo: ukifika, usikimbilie kiti kilicho wazi. Tafuta dirisha, au mlango, au kaa barazani kabisa. Kama kuna kivuli cha mwembe nje, huko ndiko kuzuri zaidi. Mwombe jirani kwenye foleni akuite zamu ikikaribia, au mwambie nesi uko pale nje. Angalia pia upepo unatoka wapi, ukae upande unakotokea, usikae kule unakopeleka hewa ya watu wote. Kwa wanaokwenda kliniki binafsi zenye viyoyozi: kile kiyoyozi cha ukutani hakileti hewa mpya. Kinaipoza ile ile ya ndani na kuizungusha. Chumba cha kusubiria chenye ubaridi mzuri, runinga na milango iliyofungwa kinaweza kuwa kibaya kuliko benchi la mbao barazani.

Mikono nayo ina habari yake. Mwaka huo huo wa 1981, madaktari wa Rochester, New York, walichapisha jaribio lililofanywa kwa watu wazima waliojitolea kukaa na vichanga waliolazwa kwa ugonjwa wa kifua unaoletwa na kirusi kiitwacho RSV. Kirusi hiki ni sababu ya kawaida sana ya watoto wa umri wa mwanao kuhema kwa shida, ingawa kutoka hapa siwezi kusema ndicho kilichompata. Watu 7 waliwabeba watoto na kuwahudumia kama mama anavyofanya: 5 wakaambukizwa. Watu 10 hawakumgusa mtoto, waligusa tu vitu vilivyomzunguka kisha wakajigusa macho au pua: 4 wakaambukizwa. Watu 14 walikaa chumbani mbali kidogo na kitanda bila kugusa chochote. Hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. RSV huweza kuishi kwa saa kadhaa kwenye sehemu ngumu kama meza na vyuma vya kitanda, na kwenye mikono kwa muda wa nusu saa hivi.

Ukizingatia hayo utaona ni kwa nini nakuomba uwe mchoyo wa mtoto siku ya kliniki. Najua mila zetu. Mtu akiona kichanga kizuri atanyoosha mikono, “Hebu nimbebe,” atamshika shavu, atambusu kiganja, na ukikataa unaonekana unaringa. Jibu ni rahisi na halimuudhi mtu: “Samahani mama, ndiyo kwanza kalala.” Ukiwa umemfunga kifuani kwa kanga, uso ukielekea kwako, wengi hata hawatauliza. Viganja vya mtoto ndivyo vya kulinda zaidi, kwa sababu dakika moja baadaye vitakuwa mdomoni mwake.

Usimfunike uso kwa blanketi zito ukidhani unamkinga. Joto la Dar es Salaam ukiongeza na blanketi, mtoto anakosa hewa na kupandisha joto bure. Barakoa pia si ya mtoto wa chini ya miaka miwili, ni hatari kwake. Ivae wewe kama una kikohozi.

Kuna kitu kimoja kliniki ambacho hupita kwa kila mtoto bila kusafishwa: ule mfuko wa kitambaa, wengine wanauita suruali, unaotundikwa kwenye mizani ya kuning'inia. Mtoto wa kwanza ana mkojo, wa pili ana ukurutu, wa tatu ametoka kuharisha jana, na wote wanaingizwa mle. Nenda na wako. Unaweza kushonewa na fundi yeyote kwa kitambaa kigumu, nao uwe imara, maana uzito wote wa mtoto unabebwa na zile kamba. Mwonyeshe nesi kabla ya kuutundika, naye aurekebishe mshale usimame kwenye sifuri. Kama mizani ni ya kulaza, tandika kanga safi kabla ya kumlaza, na ile kanga ikishatumika iweke pembeni, usije ukamfutia nayo mdomo. Kina mama wengi hapo ndipo tunapoteleza: kanga moja inafuta benchi, inapangusa kamasi, inafunika ziwa.

Kunawa mikono umeshasikia mpaka umechoka, kwa hiyo nitasema machache tu. Kwa sabuni na maji tiririka ni sekunde 40 hadi 60 kwa ujumla wake, kwa kitakasa mikono cha spiriti ni 20 hadi 30, mpaka kikauke chenyewe. Kama mtoto ameharisha au umebadilisha nepi, tumia sabuni na maji, kwani baadhi ya virusi vya kuharisha havikomi vizuri kwa kitakasa. Kibuyu chirizi cha getini kinatosha kabisa kama kina maji na sabuni. Nawa kabla ya kunyonyesha pale foleni, lakini usiache kunyonyesha. Maziwa yako yana kinga. Na simu yako, mama, uliyoishika tangu kwenye daladala, usimpe mtoto aichezee.

Sasa kuhusu sisi wahudumu. Mwaka 2014 watafiti wa Geneva walipima uchafuzi kwenye mikono ya madaktari na kwenye vifaa vyao baada ya kumpima mgonjwa mmoja. Ncha za vidole zilikuwa na vijidudu vingi kuliko sehemu nyingine, na kilichofuata kilikuwa ile sahani ya kipimo cha kusikilizia kifua, kuliko hata sehemu nyingine za kiganja chenyewe. Kipimo kile kinatoka kwenye kifua cha mtoto mmoja kwenda cha mwingine siku nzima. Kukifuta kwa pamba yenye spiriti ni sekunde chache.

Una haki ya kuniomba ninawe kabla ya kumgusa mwanao. Najua ni vigumu kumwambia daktari, hasa mtu mzima aliyekuzidi umri. Basi fanya hivi: toa chupa yako ya kitakasa, jipake wewe kwanza, kisha nyoosha mkono, “Karibu Daktari, hata wewe.” Mhudumu mwenye akili timamu atashukuru. Na glavu zisikutulize. Glavu aliyoivaa mtu tangu mtoto wa kwanza mpaka wa ishirini inambeba mdudu kama mkono mtupu, tena vibaya zaidi, kwa sababu aliyeivaa anajiona safi.

Kwa wauguzi na waganga wafawidhi wanaosoma hapa, naomba jambo moja kabla ya yote: mwekeni mtu mlangoni. Haihitaji daktari; mhudumu wa afya wa jamii anatosha, na swali lenyewe ni fupi, “Mtoto ana nini leo?” Mwenye homa na upele asiingie kwenye benchi la chanjo hata kwa dakika tano, apelekwe moja kwa moja chumba chenye dirisha au akae nje kwenye kivuli mpaka aonwe. Anayekohoa akae upande wake. Kama nafasi haitoshi kutenga vyumba, tenga saa: chanjo na uzito asubuhi na mapema, wagonjwa baadaye. Na kuwapa kina mama namba zenye makadirio ya saa, ili nusu yao wasifike saa moja asubuhi kungoja huduma ya saa tano, kunapunguza maambukizi bila kununua kitu chochote.

Benchi lifutwe kwa maji ya sabuni kwanza, ndipo klorini, maana uchafu huiua nguvu klorini. Pale penye damu, matapishi au kinyesi, JIK ya asilimia 3.5 ichanganywe sehemu 1 kwa sehemu 6 za maji, upate nguvu ya asilimia 0.5. Ichanganywe upya kila siku, isimwagwe kwenye ngozi ya mtoto, isichanganywe na dawa nyingine ya chooni. Na zile kliniki zenye kona ya michezo, ondoeni wanasesere wa manyoya na vitambaa. Utafiti wa New Zealand wa mwaka 2002 kwenye vyumba vya kusubiria ulikuta vya kitambaa vina uchafuzi mkubwa kuliko vya plastiki, na hata baada ya kufuliwa vilirudia hali ile ile ndani ya muda mfupi. Bora kila mtoto aje na cha kwake.

Ipo siku, mama, ambayo mwanao ndiye atakayekuwa mgonjwa kwenye benchi, na mwenzio ndiye atakayekuwa na kichanga pembeni. Siku hiyo fanya kile ulichotamani yule mama akufanyie. Piga simu kabla kama una namba ya kituo. Ukifika, sema mlangoni kwamba anakohoa au ana upele, usingoje kuulizwa; mwenye surua huambukiza tangu siku 4 kabla ya upele kutokea hadi siku 4 baada yake. Mtoto mkubwa mfundishe kukohoa kwenye kiwiko. Wala usimchukie yule mama uliyekaa naye. Naye alikuwa amekuja kutafuta dawa, na hakuna aliyemwonyesha mahali pa kukaa.

Turudi kwa mtoto wako na wiki hii. Mpigie simu au pita mwulize nesi ni siku gani na saa ngapi foleni ni fupi. Vituo vingi vina siku maalumu za chanjo. Nendeni wawili tu, wewe na mtoto, na kama ana kaka au dada mwenye mafua, huyo abaki na bibi yake. Huo ni msaada mkubwa ambao mama mkwe anaweza kuutoa, na ukimwomba hivyo atajua hoja yake imesikika. Mkifika, onyesha kadi na useme wazi kwamba alilazwa na kwamba chanjo za wiki 6 zilipita. Haanzi kwa kuchelewa kiasi cha kunyimwa: atapewa leo, na zinazofuata zitapangwa kwa kuacha angalau wiki 4 katikati. Akiwa na mafua mepesi siku hiyo, hilo si sababu ya kuahirisha. Mwachie nesi aamue. Akitimiza miezi 9 kuna chanjo ya surua na rubela, na tena miezi 18, hizo mbili msizikose.

Baada ya kurudi nyumbani, vua nguo mlizokwenda nazo, nawa, na fua ile kanga na ule mfuko wa mizani, vianikwe juani. Joto dogo siku ya chanjo au kesho yake ni la kawaida. Lakini mtoto akigoma kunyonya, akilegea, akipata degedege, kifua kikibonyea kwa ndani anapovuta hewa, au ukihesabu pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia ukapata 50 au zaidi, rudi naye hospitali saa hiyo hiyo, iwe usiku au mchana, na ukifika pita mbele ya foleni.